Kwa Nini Vifaa vya Umeme vya Nyumbani Havidumu, na Haki za Mwananchi Anayevinunua

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, ndipo ulipo Buzwagi, mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kuuhitimisha mwaka 2021. Katika mgodi mkubwa wa aina hiyo, kila mtambo huwa na kumbukumbu zake. Hufanyiwa matengenezo kwa kuhesabu saa ulizofanya kazi, na vipuri vyake huwekwa ghalani kabla ya kuhitajika. Mtambo ukisimama ghafla, mtu hutakiwa kueleza sababu.

Majumbani mambo ni tofauti. Jokofu hununuliwa, huchomekwa ukutani, na halifikiriwi tena hadi asubuhi maziwa yanapokutwa yameganda. Hapo ndipo risiti huanza kutafutwa, nayo haionekani. Fundi huitwa, husema "kompresa imekufa", na familia hutakiwa kuchagua kati ya gharama ya matengenezo inayokaribia bei ya jokofu jipya na kununua jingine ambalo nalo halijulikani litadumu hadi lini.

Manung'uniko ya namna hii husikika Kahama, Geita, Shinyanga na kwingineko nchini. Wananchi husema vifaa vya zamani vilidumu na vya sasa havidumu. Makala haya yanaeleza ukweli uliomo katika kauli hiyo, sababu za vifaa kuharibika mapema, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kwa mujibu wa sheria.

Je, vya zamani vilikuwa bora?

Jibu ni ndiyo kwa upande mmoja, na hapana kwa upande mwingine. Pasi ya miaka arobaini iliyopita ambayo bado inafanya kazi tunaiona; zile zilizoungua zamani zilitupwa na tumezisahau. Aidha, vifaa vya sasa hutumia umeme kidogo zaidi. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

Hata hivyo, muundo wa vifaa umebadilika kwa namna inayofanya matengenezo kuwa magumu. Jokofu la zamani lilikuwa na mota, kidhibiti joto na nyaya chache. Fundi mwenye kipimo cha umeme aliweza kulikagua lote kwa muda mfupi. La sasa mara nyingi lina bodi ya kielektroniki inayoongoza kila kitu, na sehemu moja ndogo ikiungua, bodi nzima hubadilishwa. Katika bidhaa za bei nafuu, nyaya za shaba ndani ya mota hubadilishwa kwa za aluminiamu, gia za chuma huwa za plastiki, na mifuniko hubandikwa kwa gundi badala ya skrubu. Matoleo nayo hubadilika haraka, hivyo kipuri cha toleo la miaka mitano iliyopita huwa hakipatikani tena dukani.

Suala hili halikuanza leo wala halipo Tanzania pekee. Mwaka 1924, watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikutana Geneva na kuunda ushirika ulioweka ukomo wa maisha ya balbu kuwa saa 1,000, ilhali balbu za muda mrefu zaidi ziliwezekana kutengenezwa. Karne moja baadaye, mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, yakiwemo majokofu na mashine za kufulia, kuzitengeneza kwa bei ya haki hata baada ya muda wa dhamana kwisha.

Umeme unavyoua vifaa

Si kila hitilafu ni kosa la mtengenezaji. Tanzania hutumia umeme wa volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, lenye volti 100, au la Marekani, lenye volti 120, huungua kikichomekwa moja kwa moja, hata kama ni kizima na kina jina kubwa. Anayenunua kifaa cha mtumba asome kwanza kibandiko kilicho nyuma yake.

Hatari ya pili hutokea umeme unapokatika na kurudi ghafla. Jokofu linapozimika, gesi ndani ya mabomba hubaki na shinikizo kubwa upande mmoja. Huhitaji dakika kadhaa ili shinikizo hilo lilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, kompresa hulazimika kuanza ikisukuma mzigo mzito, huvuta umeme mwingi kupita kiasi, na nyaya zake hupata joto. Jambo hilo likijirudia kwa miezi, kompresa hufa, na mwenye nyumba hudhani imekufa siku hiyo moja.

Ya tatu ni umeme hafifu. Mota isiyopata nguvu ya kutosha kuzunguka haitulii tu, bali hupata joto ikiwa imesimama. Ya nne ni kulegea kwa waya wa nyutro kwenye jengo linalotumia njia tatu za umeme. Hapo volti ndani ya baadhi ya vyumba zinaweza kupanda kuelekea 400, na runinga, king'amuzi na chaja vikaungua kwa pamoja. Vifaa kadhaa vikiungua kwa wakati mmoja, chanzo kitafutwe kwenye njia ya umeme kabla ya kulaumu vifaa.

Kuongezeka kwa uzalishaji wa umeme, ikiwemo kupitia Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, hupunguza upungufu wa umeme katika gridi ya Taifa. Lakini ubora wa umeme unaofika kwenye soketi hutegemea pia njia za usambazaji, transfoma ya mtaa na nyaya za ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo, kinga ya nyumbani bado inahitajika. Kifaa cha kulinda jokofu, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kuchelewesha kuwaka kwa dakika chache, bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kompresa. Nyaya za nyumba nazo zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na nyumba iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi.

Kabla ya kulipa

Haki ya mlaji huanzia dukani. Mambo manne hayapaswi kupuuzwa.

Kwanza, risiti ya kielektroniki. Wananchi wengi huichukulia kuwa suala la kodi pekee, lakini kwa mnunuzi risiti hiyo ndiyo ushahidi wa nani aliuza, lini na kwa bei gani. Hakikisha jina la bidhaa limeandikwa. Kwa kuwa karatasi hizo hufifia, ipige picha siku hiyohiyo.

Pili, dhamana iliyoandikwa. Maneno "ina garantii ya mwaka mmoja" hayatoshi. Karatasi ionyeshe namba ya kifaa, sehemu zinazohusika, na mahali kitakapotengenezewa. Dhamana inayomtaka mkazi wa Kahama kusafirisha jokofu hadi Dar es Salaam kwa gharama zake ina thamani ndogo kuliko inavyosomeka.

Tatu, ubora. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hutoa leseni ya kutumia alama yake ya ubora kwa wazalishaji waliokidhi viwango. Kwa bidhaa zinazotoka nje, mwaka 2012 ulianzishwa utaratibu wa kukaguliwa katika nchi zinakotoka na kupewa cheti cha ulinganifu kabla ya kusafirishwa. Muuzaji wa jumla anayefuata utaratibu hawezi kushangaa akiulizwa kuhusu cheti hicho.

Nne, vipuri. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: kompresa, bodi au kioo cha kifaa hiki kinapatikana wapi? Akikosa jibu, mnunuzi ajue kuwa kifaa hicho kikiharibika huenda kisitengenezeke.

Kikiharibika, sheria inasemaje?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa katika mauzo kuna masharti yanayochukuliwa kuwamo hata kama hayakuandikwa: bidhaa ilingane na maelezo yake, ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na iwe na ubora unaokubalika sokoni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakwenda mbali zaidi kwa kukataza upotoshaji, kuweka masharti ya kumlinda mlaji katika mikataba, na kueleza wajibu wa watengenezaji.

Maandishi yanayoonekana katika maduka mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayatoshi peke yake kuondoa haki hizo. Anayebadili mawazo baada ya kununua hana madai. Aliyeuziwa kitu kibovu au kilichoelezwa kwa uongo anayo.

Hatua ni hizi. Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti na dhamana, na peleka malalamiko kwa maandishi. Usimruhusu fundi wa mtaani kufungua kifaa kilicho ndani ya dhamana, kwa kuwa muuzaji anaweza kutumia sababu hiyo kukataa madai. Muuzaji asipotoa ufumbuzi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Endapo shaka ni kuhusu ubora au usalama wa bidhaa, TBS ipewe taarifa. Taasisi zote mbili zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Ikiwa vifaa vimeungua kwa hitilafu ya umeme, mwananchi aanze kwa mtoa huduma: atoe taarifa mapema, aandike tarehe na saa, aorodheshe vifaa vilivyoungua na ahifadhi namba ya taarifa aliyopewa. Asiporidhika na majibu, apeleke shauri EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) lipo kwa ajili ya kumsaidia na kumshauri mtumiaji katika safari hiyo.

Fundi naye aulizwe

Sehemu ya lawama inawaangukia mafundi, na si zote za haki. Fundi wengi walijifunza kazi katika majokofu ya zamani, na teknolojia imewapita. Majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a, ambayo huwaka moto. Kujaza gesi ya aina nyingine kwenye mfumo huo huharibu kazi, na kuchomelea mabomba ambayo bado yana gesi hiyo kunaweza kusababisha mlipuko. Aina na uzito wa gesi huandikwa kwenye kibandiko cha jokofu.

Mwenye jokofu ana haki ya kuuliza maswali matatu: Gesi imevuja wapi? Filta itabadilishwa? Hewa itatolewa kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kujaza? Fundi anayeongeza gesi bila kuziba tundu amesogeza mbele tatizo kwa wiki chache, na atalipwa mara ya pili kwa kazi ileile.

Kwa mafundi wenye uzoefu lakini wasio na vyeti, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Buzwagi, ambako eneo la mgodi linaendelezwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na ukanda mzima hadi Geita, una mafundi umeme na makanika waliolelewa katika nidhamu ya matengenezo ya migodini. Nidhamu hiyo inaweza kuzaa karakana za vifaa vya nyumbani zinazotoa risiti, kuandika kumbukumbu na kudhamini kazi zake.

Kwa nini suala hili ni la Taifa

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Majiko na sufuria za umeme ni miongoni mwa njia za kufika huko. Lakini mama aliyenunua sufuria ya umeme kwa akiba ya miezi mingi, ikaungua kabla ya mwaka na isipate fundi, hatanunua ya pili. Atarudi kwenye mkaa. Shinyanga, ambako mpango wa HASHI ulianza mwaka 1986 kurejesha uoto kupitia ngitili, inajua gharama ya kurudi huko.

Kipo pia kile kinachobaki baada ya kifaa kufa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Bodi za vifaa hivyo zina dhahabu, na kwa uzito uleule, bodi za simu huwa na dhahabu nyingi kuliko mwamba wa kawaida wa mgodini. Katika ukanda wa wachimbaji, kishawishi cha kuzichoma au kuziosha kwa tindikali uani ni kikubwa, na moshi wake ni sumu kwa watoto wa nyumba hiyo. Taka hizi zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, nazo zinapaswa kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye vibali.

Mwananchi anaweza kuanza leo kwa jambo dogo. Atafute bahasha moja, aweke ndani yake risiti, karatasi za dhamana na daftari la matengenezo la kila kifaa alichonacho nyumbani. Siku kifaa kitakaposimama, bahasha hiyo ndiyo atakayokwenda nayo kwa muuzaji, na ikibidi, Tume ya Ushindani.