Unaenda Kuvua Samaki Naivasha Wikendi? Soma Hii Kabla Kiboko Akusomeshe

Manze, kila wikendi ni ile ile. Klabu, nyama choma, halafu Jumatatu unaamka huna hata fare ya mathree. Kuna fom ingine haikumalizi mfuko: kuvua samaki Ziwa Naivasha. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, unaenda asubuhi na jioni uko keja. Lakini usiende bila rada kama mimi.

Mara ya kwanza nilienda na binamu yangu. Tulikaa masaa manne bila samaki hata mmoja kugusa chambo. Kando yetu kulikuwa na mzee anatoa tilapia moja baada ya nyingine kama anachukua sabuni kwa duka. Akaangalia ndoano yetu, akacheka. "Kijana, hiyo ni ya mbuta. Hapa hakuna mbuta."

Hapo ndio nilishtukia kitu: unaanza na samaki, halafu ndio unanunua vitu.

Unamtafuta nani?

Karibu samaki wote wanaovuliwa Naivasha ni wageni walioletwa ama waliojileta. Kila mmoja ana tabia zake.

Tilapia ana mdomo mdogo, so tumia ndoano ndogo, saizi ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Weka mnyoo wa kuchimbwa kwa udongo wenye maji, ufunike ndoano vizuri. Funga kizibo kwa uzi kikae juu ya maji. Kikizama, kuna mtu chini anadishi.

Kapi, yule mkubwa mwenye vindevu, ameonekana hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huyo anakula chini, anachimbua matope. Mpe ugali mgumu uliokandwa ama mahindi ya kuchemsha, na uweke uzito kidogo kwa uzi ndio chambo ikae chini kabisa.

Besi aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa sababu ya michezo ya uvuvi. Ni mwindaji, anajificha kando ya mafunjo na majani akingoja kitu kipite. Mtupie samaki bandia, vuta kidogo, simama, vuta tena. Kikikaa kama kitu kimeumia, anakirukia.

Akishika, usipanic

Kosa la wengi ni kuvuta kwa nguvu kama unavuta ng'ombe. Uzi unakatika ama mdomo wa samaki unararuka. Inua ncha ya fimbo haraka mara moja ndio ndoano iingie, halafu weka uzi umekaza. Akikimbia, mwachie kidogo. Akichoka, zungusha. Fundo la ndoano nalo lilowanishe na mate kabla ulikaze, la sivyo linachoma uzi na unapoteza samaki ukiona.

Fika mapema, kitu saa 12 asubuhi. Maji yametulia na samaki wana njaa. Mchana upepo huamka na mawimbi yanakuwa noma, kwa boti ndogo hiyo si mchezo. Ukipanda boti, jaketi la kuelea unavaa, hulikalii.

Sasa ile stori ya kiboko

Saa 11 jioni yule mzee alikunja vitu vyake akatuambia twende. Binamu yangu akasema, "Mzee, dakika tano tu." Hatukumaliza hata mbili. Maji yalifunguka kama mita kumi kutoka tulipokuwa, kichwa kikatoka, na sisi tukaacha viatu.

Kiboko hushinda kwa maji mchana, usiku anatoka kula nyasi. Kuanzia 2020 ziwa limefurika vibaya mara kadhaa, likameza nyasi na hadi nyumba za watu kule Kihoto. Kwa hivyo wao na sisi tunabanana kwa ufuo mmoja. Ukiona njia iliyokanyagwa kutoka kwa maji, hiyo ni barabara yake, usiweke kiti hapo. Na hata siku moja usisimame kati ya kiboko na maji. Wavuvi wanaolijua ziwa hili maisha yao yote wameuawa hivyo, na wewe umekuja juzi.

Kabla utoke

Kuvua kwa raha pia kunahitaji leseni. Uliza ofisi ya uvuvi ama BMU ya ufuo unaoenda, kama Karagita au Kamere. Hao pia watakuonyesha sehemu samaki wanazaa, hapo hapaguswi. Wale wadogo warudishe kwa maji wakue.

Bajeti ya kuanza si ngori: fimbo moja, uzi, ndoano ndogo kadhaa, minyoo ya bure. Na saa 11 jioni ikigonga, kunja vitu. Hata kama kizibo kimeanza kucheza.