Kazi ya uhusiano wa umma: Kumsemea mteja bila kumdanganya msomaji

WAHITIMU wengi wanaoomba kazi katika kampuni za uhusiano wa umma huwa na picha moja kichwani: suti nzuri, kumbi za hoteli kubwa, kupiga picha na wakubwa na chakula cha mchana cha bure. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni ya siku moja au mbili katika mwezi. Siku zilizobaki ni za kuandika, kupiga simu, kusubiri majibu na kuandika upya.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Ofisa uhusiano wa benki, bodi ya mazao au shirika la umma ana mwajiri mmoja. Anayefanya kazi katika kampuni ya uhusiano wa umma huwahudumia wateja kadhaa kwa wakati mmoja. Asubuhi anazungumzia simu za mkononi, mchana mbolea, jioni bima ya afya. Kila mteja anataka ahudumiwe kana kwamba yupo peke yake.

Pia kazi hii si sawa na matangazo ya biashara. Tangazo hulipiwa, na aliyelipa huandika anachotaka. Habari haiuzwi. Kampuni ya uhusiano humpelekea mhariri taarifa na kumshawishi kwamba ina faida kwa wasomaji. Mhariri akiona haina, inaishia kwenye kapu la taka.

Siku ya kazi

Siku huanza mapema kwa kusoma magazeti yote na, siku hizi, kupitia mitandao ya kijamii. Kijana mgeni kazini ndiye hupewa jukumu hilo. Anatafuta kila panapotajwa mteja, mshindani wake au sekta yake, kisha anaandika muhtasari ambao mteja ataukuta mezani atakapofika ofisini.

Baada ya hapo ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Taarifa nzuri haizidi ukurasa mmoja. Habari yenyewe iko katika aya ya kwanza, na chini kuna jina na simu ya mtu wa kujibu maswali. Kuiandika ni saa moja, lakini kuipitisha kunaweza kuchukua siku tatu. Meneja masoko anataka sifa ziongezwe, mwanasheria anataka nusu ya maneno yatolewe, na mkurugenzi yuko safarini. Ikirudi, mara nyingi ile habari iliyokuwamo imekwisha kutolewa.

Halafu kuna suala la muda. Mkutano na waandishi hupangwa saa 4 asubuhi kwa sababu mwandishi anahitaji muda wa kurudi chumba cha habari, kuandika na kuwahi kabla kurasa hazijafungwa. Mteja anayetaka kuzindua bidhaa yake saa 12 jioni ili wageni waburudike asishangae akikosekana kwenye gazeti la kesho yake.

Kinachouzwa ni saa

Kampuni hizi hazina ghala wala mashine. Kinachouzwa ni saa za wafanyakazi. Wateja wengine hulipa ada ya kila mwezi, wengine hulipa kwa kazi moja moja. Ndiyo maana mfanyakazi hutakiwa kuandika kila siku ametumia saa ngapi kwa mteja yupi.

Hapo ndipo penye maumivu. Mteja aliyelipia saa 20 hupiga simu hadi anapata 40, na kampuni huogopa kumkatalia asije akahama. Vilevile, ili kupata mteja mpya, kampuni kadhaa hualikwa kueleza mawazo yao bila malipo. Moja hushinda, nyingine hurudi nyumbani baada ya wiki mbili za kukesha. Zipo lawama za muda mrefu kwamba mawazo ya walioshindwa huja kutumika bila wao kulipwa.

Bahasha

Jambo ambalo mwajiriwa mpya hukutana nalo mapema ni bahasha ya "nauli" kwa waandishi. Wanaoitetea husema waandishi wengi wa kujitegemea hulipwa kidogo kwa kila habari, tena kwa kuchelewa, na hawawezi kujigharimia usafiri. Hilo lina ukweli. Hata hivyo, kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinamtaka mwandishi asipokee kitu kinachoweza kuathiri habari yake, na mtoaji hawezi kujifanya hajui.

Hata kibiashara bahasha ni hasara. Habari iliyoandikwa kwa bahasha husomeka kama tangazo, na msomaji huitambua. Mteja anakuwa amelipia nafasi isiyoaminika, na siku bahasha ikikosekana, waandishi nao hukosekana.

Mwisho wa Bell Pottinger

Misingi ya kazi hii ilitamkwa zamani. Mwaka 1906 Mmarekani Ivy Lee aliwaandikia wahariri kuwa ofisi yake itafanya kazi kwa uwazi na kutoa taarifa zilizo sahihi. Oktoba mwaka huo huo treni ya kampuni aliyoihudumia, Pennsylvania Railroad, ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua zaidi ya watu 50. Badala ya kuficha, kampuni ilitoa taarifa na kuwapeleka waandishi eneo la ajali.

Walioacha msingi huo wamelipa. Bell Pottinger ya London ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye majina makubwa Uingereza. Mwaka 2016 ilichukua kazi ya Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Kampeni yake ilishutumiwa kwa kuchochea chuki za rangi ili kuiondolea familia hiyo macho ya watu. Chama cha Democratic Alliance kililalamika kwa chama cha kampuni za uhusiano wa umma cha Uingereza, na Septemba 4, 2017, Bell Pottinger ikafukuzwa uanachama kwa muda usiopungua miaka 5. Wateja walikimbia, na Septemba 12 kampuni ikawekwa chini ya ufilisi.

Waliopoteza ajira si wale tu waliohusika na faili hilo. Wafanyakazi waliokuwa wakihudumia wateja wengine kabisa nao walijikuta barabarani. Ndiyo maana mfanyakazi wa kampuni ya namna hii ana haki ya kuuliza mteja mpya ni nani na anataka nini.

Siku sumukuvu inapotajwa

Mkulima na msindikaji wanaweza kudhani haya hayawahusu. Wakumbuke Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ilifungua mpaka kwa masharti, likiwamo la cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004 sumu hiyo iliugua watu 317 na kuua 125 mashariki mwa Kenya.

Siku kama hiyo kiwanda cha unga kinahitaji mtu anayejua kazi. Ateuliwe msemaji mmoja. Ndani ya saa chache umma uelezwe ni unga wa tarehe zipi unahusika, umepimwa wapi, na aliyenunua aurudishe wapi. Kama vipimo havijatoka, isemwe vitatoka lini. Kukaa kimya huacha uvumi ushushe bei hata ya mahindi safi. Lakini hakuna taarifa inayoweza kusafisha unga mchafu. Mshauri mwaminifu atamwambia mteja aondoe mzigo sokoni kwanza, ndipo aite waandishi.

Kwa anayetaka kuajiri au kuajiriwa

Mfanyabiashara anayetafuta kampuni ya uhusiano aulize nani hasa atashika kazi yake, kwa saa ngapi, na matokeo yatapimwaje. Akiahidiwa ukurasa wa kwanza, aage mapema. Ukurasa huo ni wa mhariri.

Kwa vijana, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha taaluma hii. Cheti hufungua mlango, lakini kinachomweka mtu kazini ni kuandika vizuri Kiswahili na Kiingereza, kupokea simu usiku bila kununa, na kuweza kumwambia mteja anayelipa kwamba anachotaka kusema si kweli.