Barly Baruti: Kutoka Mstari Hadi Rangi ya Maji

Mwaka 1915 Waingereza walizishusha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka kwenye treni huko Fungurume, Katanga. Zikakokotwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikapigane na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Vita hivyo vya ziwani, safari hii kwa upande wa Wabelgiji, ndivyo mchora katuni Mkongo Barly Baruti alivyovichora katika kitabu cha katuni Madame Livingstone (2014), hadithi iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwongozaji wake ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kuwa mwana wa mmisionari David Livingstone.

Baruti si Mkatanga. Alizaliwa Kisangani mwaka 1959, katika kizazi kilichokua kati ya katuni za aina mbili. Kinshasa, tangu 1968, kulikuwa na jarida la Jeunes pour Jeunes lililozungumza lugha ya vijana wa mitaani. Na kutoka Ubelgiji vilikuja vitabu vya mchoraji Hergé, aliyeanza kuchapisha kisa cha Tintin nchini Kongo mwaka 1930 pasipo kuikanyaga nchi yenyewe. Baadaye Baruti alikwenda kujifunza katika studio ya Hergé huyohuyo mjini Brussels.

Alichokikuta huko ni nidhamu ya mstari: wino wa unene mmoja, vivuli vichache, na kila gari au nyumba kuchorwa kwa kufuata kielelezo halisi, msomaji asipotee hata mara moja. Shule nzuri, ingawa ina ubaridi wake.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kuagizwa, kama Le Temps d'agir (1982) kuhusu mazingira. Kazi za namna hiyo zimewalisha wachoraji wengi wa Afrika, na zimewachosha pia. Kisha akakutana na mwandishi Mfaransa Frank Giroud. Wakatoa Eva K. na, kuanzia 1998, Mandrill, mfululizo wa wakili wa Paris baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapo mambo yamegeuka: Mkongo ndiye anayewachorea Wafaransa mji wao, naye, tofauti na Hergé ambaye hakuikanyaga Kongo aliyoichora, alikuwa ameishi Ulaya.

Hata hivyo, kwangu Baruti mkubwa ni yule wa Madame Livingstone. Rangi ya maji anaipaka juu ya ukurasa wenyewe, haiachwi kwa fundi mwingine. Mkono ukikosea, kusahihisha ni shida. Lakini ukungu, matope na maji ya ziwa vinapata uzito ambao wino mtupu haungeuleta. Mstari wa Brussels umebaki ndani kama mifupa.

Huko Katanga kwenyewe, Lubumbashi ilikuwa na njia yake ya kusimulia historia kwa picha. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zipatazo mia za historia ya nchi, akizifafanua kwa Kiswahili cha Shaba, jina la Katanga wakati huo. Maandishi aliyaweka kwenye turubai lenyewe, na picha zake nyingine zilitundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida mjini. Madame Livingstone, kinyume chake, ilichapishwa na Glénat, Ufaransa, kwa Kifaransa na kwa bei ya Ulaya. Wajukuu wa waliobeba mizigo ya vita hivyo wangeisoma zaidi kama ingepatikana kwa Kiswahili, kwenye karatasi hafifu, sokoni.