Kilemba cha Biashara: Maana Yake katika Hesabu za Makampuni

Katika hesabu za makampuni limo neno ambalo wafasiri huliita "nia njema". Tafsiri hiyo yapotosha, maana hesabu hazielezi nia ya mtu. Zaeleza fedha zilizokwisha kulipwa.

Tutazame mfano wa kubuni. Mtu ana duka Kurui, wilayani Kisarawe. Mali yake yote, baada ya kutoa madeni, yafikia Sh. 10,000,000. Mnunuzi ampa Sh. 13,000,000, kwa kuwa wateja wamelizoea duka hilo. Zile Sh. 3,000,000 za ziada ndizo ziandikwazo katika hesabu za mnunuzi. Mwenye duka wa kwanza hakuweza kuziandika, hata kama sifa yake ilivuma mpaka Kibaha, kwani sifa isiyonunuliwa haina bei iliyothibitika.

Wafanya biashara wa Dar es Salaam wana neno "kilemba", yaani fedha apewazo mtu anayeachia mahali pa biashara. Neno hili lakaribia zaidi, walakini hulipiwa mahali tu. Kwa hiyo twapendekeza "kilemba cha biashara".

Je, kilemba hicho hudumu? Tanzania ilianza kufuata kanuni za kimataifa za hesabu mwaka 2004. Kwa makampuni yazifuatayo kwa ukamilifu, kilemba hakikatwi kidogo kidogo kama uchakavu wa mashine, bali hupimwa walau mara moja kila mwaka. Hukadiriwa faida ya fedha itakayoletwa na biashara iliyonunuliwa, na pia bei ambayo ingeuzwa. Kiasi kilicho kikubwa ndicho kishikwacho. Kikiwa chini ya thamani iliyoandikwa, tofauti huhesabiwa kuwa hasara. Hatuwezi kusema thamani "imekupwa", maana maji yaliyokupwa hujaa tena, na kilemba kilichokatwa hakirudishwi kamwe. "Upungufu wa thamani" watosha.

Mwaka 2010 East African Breweries ya Kenya ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ya Tanzania, na kilemba kikaingia katika hesabu zake. Mwenye hisa akisoma "hasara ya nia njema" katika hesabu za namna hiyo, atadhani wakubwa wamegombana. Akisoma "upungufu wa kilemba cha biashara", atatambua kwamba bei iliyolipwa yazidi matumaini ya leo. Naye atauliza makadirio hayo yamefanywa na nani, na kwa msingi gani.