Uokoaji wa Data za Uwandani kutoka Kompyuta Iliyoharibika katika Pwani ya Tanga

Hewa ya Tanga Mjini, Pangani na Mkinga ina unyevu na chumvi, vitu viwili vinavyokula viunganishi vya metali ndani ya kompyuta. Hata hivyo, kompyuta kutowaka si ushahidi kwamba data zimepotea. Mara nyingi hitilafu huwa katika mfumo wa umeme au ubao mkuu, ilhali diski yenyewe ni nzima. Diski hiyo huchomolewa, huunganishwa na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, kisha faili hunakiliwa kwenye diski ya tatu. Kompyuta hiyo ikitaka kuifomati, ikataliwe. Vilevile Windows isiwekwe upya kabla ya kunakili, kwani kinachoandikwa juu ya data za awali huzifuta. Tahadhari hii ni nzito zaidi kwa mtafiti wa fasihi simulizi: rekodi ya msimulizi aliyekwisha kufariki haikusanywi tena. Diski ya sumaku inayogonga-gonga izimwe mara moja, maana kichwa chake chaweza kukwangua sahani zenye data. Iliyofungwa kwa BitLocker hudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, ambao hauna budi kuhifadhiwa nje ya kompyuta yenyewe.