Huisha Orodha ya Miamala Kabla ya Kukabidhi Bidhaa

Siku ya gulio la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, mnunuzi humwonesha muuza ndizi ujumbe wa malipo. Muuzaji naye hufungua programu ya benki au ya pesa za simu aone kama fedha zimeingia. Kabla hajaruhusu mikungu ipakiwe, hana budi kujiuliza: orodha ninayoitazama ni ya saa ngapi?

Programu nyingi huhifadhi ndani ya simu nakala ya orodha iliyopokewa mara ya mwisho kutoka kwa mtoa huduma. Mtandao unapodhoofika, iwe katikati ya mji wa Arusha au mabondeni kwenye miteremko ya Mlima Meru, programu yaweza kuendelea kuonesha nakala hiyo ya zamani.

Ndiyo maana programu nyingi zina njia ya kuhuisha orodha kwa kidole: huvutwa kuelekea chini, kisha huachiwa. Njia hii ilibuniwa na Loren Brichter, na ilionekana mwaka 2009 katika programu ya Tweetie. Kiduara kinachozunguka humaanisha kwamba simu inaomba taarifa mpya. Si uthibitisho kwamba imezipata.

Mtumiaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Rudi mwanzo wa orodha, ivute chini, usubiri hadi kiduara kitoweke.

2. Soma salio, pamoja na tarehe na saa ya muamala wa mwisho. Ukioneshwa kwamba hakuna mtandao, orodha hiyo haijahuishwa.

3. Ikiwa programu yako haina njia hii, tumia kitufe cha kuhuisha au uliza salio kupitia menyu ya mtoa huduma.

4. Usilipe mara ya pili kwa sababu tu muamala wako haujaonekana. Huisha kwanza, kisha umuulize mtoa huduma.

5. Usikabidhi bidhaa, wala usirejeshe fedha zinazodaiwa kutumwa kimakosa, kwa kutegemea ujumbe mfupi pekee. Ujumbe huweza kughushiwa.

Ujumbe wa ulaghai utumwe kwenda namba 15040. Malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma. Yasipotatuliwa, yanayohusu mawasiliano yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, na yanayohusu benki yapelekwe Benki Kuu ya Tanzania.