Sukari Kidogo, Watu Wengi: Vitu Vitamu vya Cuba



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye jiografia, mazao ya biashara. Kitabu chetu ni cha zamani, kinasema Cuba ni nchi ya sukari. Mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, basi huko watoto wanakunywa chai ya sukari kila siku?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sukari haimo katika mgao wetu. Kwetu, mama akiitaka lazima auze vikombe 2 vya unga. Nikamwambia mtoto yule nitamtafutia jibu, na leo nimelileta kwenu wote.

KISIWA CHA MIWA

Cuba si jina geni kwa wazee wetu wa Fizi. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba zaidi ya 100 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, wakakaa milimani kwetu miezi kadhaa. Lakini undugu wetu ni wa zamani kuliko hapo. Miwa ya Cuba ililimwa na Waafrika waliopelekwa utumwani, na wengi walitoka pande za Kongo. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886.

Mwaka 1970 Cuba ilitoa sukari zaidi ya tani milioni 8. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovyeti, mnunuzi wake mkubwa, ukavunjika. Mafuta, mbolea na vipuri vikawa shida. Mwaka 2002 serikali iliamua kufunga karibu nusu ya viwanda vya sukari, na msimu ulioishia mwaka 2022 haukufikisha hata tani laki 5. Kumbe kitabu chetu kimepitwa na wakati!

NAO WANAPANGA FOLENI

Tena kuna jambo sikulijua. Tangu mwaka 1962 Cuba ina mgao wa chakula, na kila familia ina daftari lake, wanaliita libreta. Unapanga foleni, mwenye duka anakupimia mchele, maharage, mafuta na sukari, halafu anaandika. Daftari lipo hadi leo, ila vitu vimepungua na vinachelewa. Niliposoma hayo nilijiona nimesimama kwenye foleni yetu.

Pamoja na hayo, wanapika vitu vitamu, na karibu kila kimoja kinaanza na kitu cha kawaida cha jikoni:

- Mchele unapikwa kwa maziwa, sukari, mdalasini na ganda la limau mpaka uwe kama uji mzito.
- Mkate uliokauka hautupwi. Unalowekwa kwenye maziwa na mayai, unatiwa sukari, unapikwa upya.
- Maziwa na mayai yanamiminwa kwenye kopo tupu lenye sukari iliyounguzwa chini, kisha kopo linawekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka.
- Karanga zinasagwa na sukari, zinashindiliwa na kukatwa vipande.
- Mihogo inachemshwa, inapondwa, inafinyangwa kama namba 8, inakaangwa na kumwagiwa maji ya sukari. Hicho ni cha Krismasi na mwaka mpya.
- Mji wa Baracoa, mashariki ya kisiwa, wanapika nazi iliyokunwa na asali au sukari pamoja na matunda, wanaifunga kwenye ganda kavu la mti wa jamii ya mnazi lililokunjwa kama pia.

VIAZI VITAMU KWA SUKARI

Hiki wanakiita boniatillo, na ndicho tulichojaribu Jumapili. Chemsha kilo 1 ya viazi vitamu, menya, ponda vizuri visibaki mabonge. Pembeni chemsha sukari na nusu kikombe cha maji, ganda la limau na mdalasini kama upo, mpaka maji yaanze kunata. Toa ganda, tia viazi, koroga kwa moto mdogo bila kuacha, maana vinashika chini upesi. Vikiachana na sufuria, epua, acha vipoe. Wacuba hutia hata vikombe 2 vya sukari. Sisi tulitia 1, tena tulichanga nyumba 4 ndipo kikajaa.

Watoto 11 walikula, kila mmoja vijiko viwili vitatu. Bibi jirani alionja, akanyamaza kidogo. Halafu akasema kule Uvira mama yake alikuwa akiwapikia karanga na sukari guru siku za sikukuu, naye hajapika tena tangu walipokimbia mwaka 1996. Binti yake, ambaye ni mama mzima sasa, akasema: "Mama, hukuwahi kutuambia." Bibi akajibu: "Ningewaambia nini, na sukari haipo?"

Neno hilo limenikaa moyoni. Mimi nimezaliwa hapa kambini, na sijui bibi yangu alipika nini siku ya furaha. Wacuba nao wamekosa, lakini wameendelea kuwaambia watoto.

Basi mwanafunzi wangu, jibu lako ni hili: hapana, si kila siku. Ila wakiipata, wanaipikia kitu cha kugawana.

Nanyi wazazi, ombi langu ni dogo. Mwambie mtoto kitu kitamu cha kwenu, hata kama huwezi kukipika leo. Akiandike kwenye daftari, aje nacho darasani. Tutavisoma hapa mwezi ujao.

Wenu, mwalimu wa kujitolea, darasa la 5.